Mwalimu wa Mikono Nyuma

Siku niliyofika Shule ya Sekondari Nyabikoro kwa mazoezi ya kufundisha, nilitumwa chumba cha kompyuta kuchukua karatasi. Nilikuta mlango umefungwa. Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kidogo, akisahihisha madaftari ya Hisabati juu ya magoti yake.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia. "Naomba kufunguliwa."

"Marahaba. Sina ufunguo."

"Niende kwa mkuu wa shule?"

"Naye hana. Anao Robi wa kidato cha pili. Yuko kwenye Baiolojia, zimebaki dakika kumi na tano." Akasogea kidogo kunipa nafasi. "Kaa, tumsubiri."

Nilikaa. Nilidhani ananitania kwa kuwa ni mgeni. Kengele ilipogongwa alikuja msichana mrefu, mkimya, akavuta kamba nyeusi ya kiatu kutoka ndani ya sweta lake, na mwisho wa kamba hiyo palikuwa na ufunguo. Akafungua, akanihesabia karatasi, akaniandikisha jina kwenye daftari, akafunga. Yule mwanamke alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Alikuwa Mwalimu Bernadetha Mniko, na chumba kile alikianzisha yeye.

Nyabikoro ni shule ya kata katika Tarime vijijini, upande wa Susuni, kwenye mlima wa migomba na mahindi ambako asubuhi huwezi kufundisha bila sweta. Mwalimu Bernadetha si mzaliwa wa hapo. Alizaliwa Nyansurura, wilaya ya Serengeti, katika nyumba ya mfugaji mwenye ng'ombe wengi na mabinti wengi zaidi. Wavulana walikuwa wawili tu na bado wadogo, kwa hiyo mabinti ndio waliochunga na kukamua, na ndio walioshika miguu ya ndama siku ya kupiga chapa. Aliolewa Tarime, akajenga na mumewe pale Turwa, na kila asubuhi hupanda pikipiki kuja kazini, amejifunga kanga mbili juu ya koti. Walimu wenzake humwita Mama Ezekiel, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wanafunzi humwita Madam.

Kompyuta zilikuwa zimefika muda mrefu kabla mtu hajazigusa. Wafadhili walileta kompyuta mpakato kumi na tano, watoto wakaimba, picha zikapigwa, kisha zikafungiwa stoo pamoja na majembe na ndoo. Mkuu wa shule, Mwalimu Nelson, alikuwa ametia saini kwamba atazitunza, na njia ya kutunza aliyoiamini ni kufuli. Alisema anasubiri mtaalamu. Mtaalamu hakuletwa. Ulipita mwaka mzima na nusu yake, na panya wakala kona ya boksi moja.

Mazungumzo yaliyofuata nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yanalingana.

"Mkuu, naomba zile kompyuta," Mwalimu Bernadetha alisema.

"Unajua kuzitumia?"

"Kidogo sana."

"Sasa nani atawafundisha watoto?"

"Watoto."

Mwalimu Nelson anasema alicheka. Mwalimu Bernadetha hakucheka. Alisimama pale pale mbele ya meza mpaka kicheko kikaisha, na kesho yake akarudi, na keshokutwa. Siku ya nne alipewa stoo.

Sababu yake ilianzia chuo cha ualimu. Huko kulikuwa na mkufunzi mmoja wa kompyuta, mtu mwema lakini asiye na subira. Kila mwanachuo aliposita, mkufunzi aliinama, akamnyang'anya mausi, akabofya mara tatu, akasema, "Umeona?" na kwenda kwa mwingine. "Nilimaliza chuo nikiujua mkono wa yule bwana," aliniambia. "Pete yake ninaikumbuka mpaka leo. Kompyuta sikuijua."

Kwa hiyo chumba chake kina sheria moja, imeandikwa kwa chaki juu ya ubao na haifutwi: MIKONO NYUMA. Anayefundishwa ndiye anayegusa. Anayefundisha husimama pembeni, ameshikanisha mikono nyuma ya mgongo, na anatumia mdomo tu. Sheria hiyo inamhusu hata yeye. Nimemwona akimwelekeza mtoto kutafuta faili lililopotea, mwili wote ukimwasha, mabega yakipanda na kushuka, na mikono haikutoka nyuma.

Alichagua wanafunzi sita akawaita viongozi wa teknolojia. Hakuchagua wanaoongoza darasani, akisema hao wana mzigo wao tayari. Robi alimchagua kwa sababu hakuwahi kunyoosha kidole, ila kila alipokaa, jirani yake alianza kupata hesabu. Jackson, mtoto wa mfugaji wa Susuni, alimchagua wiki ile ile aliyoadhibiwa kwa kufungua redio ya ofisi ili aone sauti inakaa wapi. Alikaa nao miezi mitatu kila Jumamosi, wakisoma kitabu kimoja cha maelekezo, sita na mwalimu wao, na walipokwama alisema, "Sijui. Tutafute." Baadaye hao sita wakafundisha madarasa. Kisha akawapa kazi ngumu zaidi, kuwafundisha walimu.

Mwalimu Amos, wa Historia, amebakiza miaka miwili kustaafu. Niliwakuta siku moja yeye na Jackson, mtihani wa kidato cha kwanza anaouchapa mwalimu ukiwa umefika swali la pili.

"Herufi kubwa, mwalimu. Bonyeza kile kitufe cha pembeni, ushikilie."

"Nimeshikilia."

"Sasa gusa M. Huku umeshikilia."

"Mura, kijana wangu, mimi nina vidole vya jembe. Weka wewe hiyo M."

"Siruhusiwi, mwalimu."

"Nikikuamuru?"

"Madam ataniondoa."

Mwalimu Amos akageuka kumtafuta Mwalimu Bernadetha. "Mama Ezekiel! Huyu mtoto ananinyima M!"

"Hajakunyima," alijibu bila kuinua macho. "Iko hapo hapo mbele yako."

Akaiweka. Kisha akaiweka tena, na tena, mstari mzima wa herufi M, akicheka peke yake, na Jackson akasimama nyuma yake amefunga mikono kama askari. Mtihani ule ulimalizika siku mbili baadaye, na Mwalimu Amos alibandika nakala yake moja mlangoni kwake.

Nilipokuwa wiki ya tano ikaja barua. Maofisa kutoka wilayani wangetembelea shule zenye kompyuta kuona zinavyotumika. Shule ambayo wanafunzi wanazisimamia vizuri ingeunganishwa na intaneti. Mwalimu Nelson aliisoma barua ofisini mbele ya walimu wote, akaikunja, akamtazama Mwalimu Bernadetha.

"Sitaki kukuharibia kazi," alisema. "Ila nasema mapema. Ikipotea hata moja, au ikiharibika, ufunguo unarudi kwangu, na hao viongozi wako wanabaki wanafunzi kama wengine."

"Sawa, mkuu," alisema.

Siku hiyo hiyo aliwaita wale sita. Nilikuwa nimekaa kona ya chumba na kitabu changu, kwa hiyo nilisikia. Kulikuwa na uvumi kwamba wezi wa kompyuta wanazunguka mashuleni, na watoto walikuwa na hofu. Mwalimu Bernadetha aliwaambia waache kuogopa maneno. Kisha akasema jambo ambalo aliliona dogo.

"Hizi kompyuta ni ng'ombe wenu. Nyumbani unajua ng'ombe wako wangapi, unajua anayechechemea, unajua amelala wapi. Zilindeni hivyo hivyo."

"Ndiyo, Madam," walijibu.

Alhamisi yake, saa nne ya uji, Robi alikuja ofisi ya walimu. Alisimama mlangoni, akasema, "Madam, naomba uje," na sauti yake ilitufanya sote tuinuke.

Chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Juu ya meza kompyuta nne zilikuwa zimepangwa zimefungwa, na kwenye mfuniko wa kila moja, pembeni, kulikuwa na alama iliyochimbwa kwa moto: herufi N na B za jina la Nyabikoro zimeungana, na namba chini yake. Tatu zilikuwa safi kabisa, kazi ya mtu anayejua. Ya nne plastiki ilikuwa imeyeyuka mpaka ndani. Jackson alikuwa amesimama ukutani, kipande cha nondo kilichopindwa kikiwa chini miguuni pake. Walikuwa wamekipasha kwenye moto wa jikoni, mpishi akidhani wanataka kutoboa ndoo.

Mwalimu Bernadetha alifungua ile ya nne, akaiwasha. Kioo kilitoa doa jeusi katikati, likatambaa kama wino uliomwagika, likafika kando zote.

Jackson ndiye aliyeanza.

"Ulisema ni ng'ombe, Madam. Ng'ombe asiye na chapa akiibiwa huwezi kusema ni wako. Hata ukimkuta Sirari sokoni."

"Hii ya nne imekuwaje?"

"Chuma kilikuwa kimepoa. Nikakipasha sana, nikakishikilia."

"Nyinyi mnamshikiliaje ndama?"

"Tunamfunga miguu."

"Hii mliifunga?"

Mmoja wa wale sita akacheka kwa woga, akajiziba mdomo. Mwalimu Bernadetha hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, akapitisha kidole juu ya chapa ya kwanza, ile nzuri, taratibu. Alisema kwa sauti ya chini, "Nimeshika miguu mingi ya ndama." Kisha akainuka. "Robi, Jackson, twendeni kwa mkuu. Mtasema wenyewe."

Walisema wenyewe. Mwalimu Nelson aliwasikiliza mpaka mwisho, akiwa ameiweka kompyuta iliyoungua mbele yake kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Kosa ni langu," Mwalimu Bernadetha alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia ni ng'ombe."

"Wewe ulitoa mfano, Mama Ezekiel. Moto wametoa wao." Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Robi alivua kamba shingoni. Ilikwama kwenye sikio, akaivuta, akaiweka mezani. Mwalimu Nelson akafungua droo, akautia ndani.

"Mkuu," Mwalimu Bernadetha alisema, "wageni wanakuja Jumatano. Nipe mpaka siku hiyo. Kuna moja ambayo haikuwahi kuwaka tangu itoke kwenye boksi, kioo chake ni kizima. Kinaweza kuhamishwa."

"Nani atahamisha? Tuna fundi?"

"Watahamisha hawa."

Mwalimu Nelson alimtazama. Nadhani aliikumbuka ile siku ya kicheko. Safari hii hakucheka. "Ikiwaka kabla ya Jumatano, tutazungumza. Isipowaka, chumba kinakuwa changu, na habari za viongozi zimekwisha. Tusilaumiane."

Jumamosi nilikwenda nao Tarime mjini. Mwalimu Bernadetha aliniomba nimshikie begi lenye kompyuta mbili kwa kuwa yeye aliwapakia Robi na Jackson kwenye pikipiki. Fundi aliitwa Vincent, kijana mwembamba mwenye kibanda kidogo cha simu na kompyuta, karibu na nyumbani kwa Mwalimu Bernadetha, pale Turwa. Alikuwa mwanafunzi wake miaka mingi iliyopita.

"Shikamoo, Madam. Nipe, nusu saa imekwisha," alisema akiangalia ile iliyoungua.

"Marahaba. Sikukuletea utengeneze. Nimekuletea wanafunzi."

"Hawa?" Akawatazama. "Madam, kuna waya mle ndani mwembamba kama utando. Ukikatika, basi."

"Waambie. Wewe weka mikono nyuma."

"Madam!"

"Nyuma, Vincent."

Akaiweka. Mtu mzima, fundi mwenye kibanda chake, na wateja wawili nje wakitazama. Jackson alisogea kushika bisibisi kisha akarudisha mkono. "Mimi mkono wangu ulishikilia sana," alimwambia Robi. "Fungua wewe. Nitapanga skrubu."

Robi alifungua. Jackson alipokea kila skrubu na kuiweka juu ya karatasi aliyochora umbo la kompyuta, kila moja mahali ilipotoka, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Vincent alitoa maelekezo, akajikuna bega kwa kidevu, akasema, "Taratibu, taratibu, hapo usivute, inua." Mara moja mkono wake wa kulia ulitoka nyuma wenyewe. Mwalimu Bernadetha aliupiga kofi dogo, ukarudi. Wateja wale wawili wakacheka, mmoja akasema, "Leo fundi kapata mke wa pili," naye Vincent akamjibu asubiri zamu yake, simu yake itachelewa wiki.

Ule waya mwembamba ulimchukua Robi karibu saa nzima. Mara mbili uliteleza. Mara ya pili aliacha, akaifuta mikono yake kwenye sketi, akamtazama mwalimu wake. Nilidhani Mwalimu Bernadetha atamwambia Vincent amalizie. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni, niliyaona. Badala yake aliuliza, "Umeona unakoingilia?"

"Nimeona."

"Basi una haraka ya nini?"

Ukaingia. Robi akabonyeza kitufe, na kioo kikawaka, cheupe, hakina doa. Jackson alipiga kelele moja ya machungani, mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Nilifurahi sana, na bado sikuwa na hakika. Kompyuta ilikuwa imepona, lakini chapa zilibaki pale pale, nne, na kwenye ile ya nne tundu lililoyeyuka lingeonekana na mtu yeyote. Jumatatu Mwalimu Nelson aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena. "Nimeona," alisema. Ufunguo haukutoka kwenye droo.

Jumatano wageni walikuja wawili, mama mmoja mnene mwenye miwani na kijana aliyebeba mafaili. Mwalimu Nelson aliufungua mlango mwenyewe. Kamba nyeusi ya kiatu ilining'inia mkononi mwake. Viongozi sita walikuwa ndani na kidato cha kwanza, kila mtoto akiandika barua kwa mzazi wake. Mwalimu Bernadetha alibaki mlangoni, nyuma ya watu wote.

Yule mama alipita meza hadi meza, akiuliza maswali, akijibiwa. Kisha akasimama.

"Hiki nini?" Alikuwa ameweka kidole juu ya tundu.

Mwalimu Nelson alisogea mezani.

"Ni chapa," Robi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Tulisikia kuna wezi. Tukazipiga chapa kama nyumbani. Zilikuwa nne. Hii ya nne tukaiunguza, kioo kikafa. Tumeibadilishia kioo."

"Mmeipeleka kwa fundi."

"Tulikwenda kwa fundi, ila nimebadilisha mimi. Jackson alishika skrubu. Fundi aliweka mikono nyuma."

Yule mama alisoma maneno ya chaki juu ya ubao. Akavuta kiti, akaketi mbele ya ile kompyuta yenye tundu, akavua miwani, akaifuta. "Mimi kila mwezi naandika taarifa," alisema, "na jedwali hunishinda. Ninampa huyu kijana. Nifundishe jedwali."

Robi alisimama pembeni yake, akashikanisha mikono nyuma. Alimwambia aguse wapi, akahesabu naye safu, akamsubiri. Mgeni alikosea, akafuta, akakosea tena. Kijana wa mafaili hakuvumilia. Aliinama, akanyoosha mkono kushika mausi.

"Mikono nyuma, tafadhali," ilisema sauti.

Haikuwa ya Robi. Ilikuwa ya Mwalimu Nelson. Kijana alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto. Niligeuka kumtazama Mwalimu Bernadetha pale mlangoni. Mikono yake ilikuwa nyuma, na kwa upande niliokaa niliweza kuviona vidole. Alikuwa amevishikanisha kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Pole pole akaviachia.

Jedwali likatokea, safu nne na mistari sita. Yule mama aliliangalia kwa muda, akauliza kama anaweza kutengeneza jingine.

Wageni walipoondoka sikusikia hotuba yoyote. Mwalimu Nelson alifunga chumba, akatembea hatua chache, akarudi. Viongozi sita walikuwa bado wamesimama nje.

"Robi, kamba yako hii ni fupi," alisema. "Kichwa changu hakipiti." Akampa. Kisha akamgeukia Jackson. "Na zilizobaki zitiwe alama kwa rangi. Rangi, umesikia? Nikiona moshi, nitakupiga chapa wewe."

Wiki yangu ya mwisho pale nilipita mbele ya chumba cha kompyuta nikielekea maktaba. Mwalimu Bernadetha alikuwa kwenye benchi na madaftari yake. Mwalimu Nelson alikuja kwa haraka, karatasi mkononi, akavuta mlango ukagoma.

"Robi yuko wapi?"

"Baiolojia," alijibu.

"Amebakiza dakika ngapi?"

"Ishirini."

Mwalimu Nelson aliangalia saa yake, akaangalia mlango. Kisha Mwalimu Bernadetha akakusanya madaftari upande mmoja, na mkuu wa shule akaketi, akasubiri.